Jiwe la Christian Kernich

Adelaide, 6 Machi 1938

Shangazi Ottilie mpendwa,

Baba amenipa kazi, nawe unamjua kaka yako: akitoa kazi haulizi kama una nafasi. Novemba hii usharika unatimiza miaka mia tangu wazee wetu washuke melini, na ukoo wa Kernich umekubaliana (maana yake Baba amekubaliana na Baba) kusimamisha jiwe mbele ya kanisa. Maneno yake yapo tayari: “Christian Kernich, mkulima wa Hirschwalde, Prusia, aliyeiacha nchi yake kwa ajili ya imani, akafika hapa mwaka 1838 na mkewe Rosina.” Kazi yangu ni kuandika historia fupi, kurasa nne, isomwe siku ya kulifunua.

Anasema mimi ni mwalimu, niko mjini, na hifadhi ya nyaraka iko mtaa wa pili kutoka shuleni kwangu, kwa hiyo sina udhuru. Kusema kweli sitaki udhuru. Tangu utotoni nimesikia habari za Christian, jinsi alivyokataa kitabu cha sala ambacho mfalme aliyalazimisha makanisa yote, jinsi askari walivyolifunga kanisa lao, jinsi alivyouza ng'ombe wake akapanda meli. Sasa nataka kuiona kwenye karatasi.

Naomba unitumie Biblia ya ukoo kwa posta. Nitaitunza kama yai.

Mwanao,
Hedwig

*

Friedensbach, 14 Machi 1938

Hedi mwanangu,

Kwanza, juu ya bahasha umeandika Warrick. Serikali ilibadilisha jina la kijiji chetu wakati wa vita kwa kuwa lile la zamani lilinuka Ujerumani. Wao walibadilisha, mimi sikubadilisha. Andika Friedensbach. Mtu wa posta amezaliwa hapa, barua itafika, na isipofika tutajua nani wa kugombana naye.

Pili, Biblia haitoki. Imevuka bahari mara moja na inatosha. Nimekunakilia ukurasa wa mbele:

“Christian Kernich, alizaliwa 1805. Rosina, mkewe, alizaliwa 1809. Walifika 1838. Mwana wao Traugott, alizaliwa 1842.”

Basi. Traugott ndiye babu yetu, mimi na baba yako. Kurasa nne utazijaza tu, ninyi walimu wa mjini hamshindwi na maneno.

Zabibu zimeiva zote kwa mpigo mwaka huu na mgongo wangu umeanza kulalamika kwa lugha mbili. Baba yako amepita jana, amenihubiria kuhusu jiwe hilo nusu saa nzima mimi nikisaga nyama ya soseji. Nilimwacha aseme. Mashine ina kelele.

Shangazi yako,
Ottilie

*

Adelaide, 2 Aprili 1938

Shangazi mpendwa,

Nimeiona orodha ya abiria. Christian hayumo.

Rosina yumo. Nakuandikia neno kwa neno: “Rosina Kernich, mjane, miaka 29. Ernestine, bintiye, miaka 4.” Mjane, Shangazi. Nilimwomba karani anionyeshe tena, akanionyesha, mjane ni mjane. Nikatafuta katika meli zote za mwaka ule na mwaka uliofuata. Hakuna Christian Kernich aliyewahi kushuka katika nchi hii.

Nilimwandikia Baba. Amenijibu kwamba mwandishi wa meli alikosea, kwamba mabaharia wale walikuwa walevi, na kwamba daftari la kanisa linaonyesha wazi Traugott alibatizwa mwaka 1842, mwana wa Christian na Rosina. Sawa. Lakini mume aliyekufa kabla ya safari atazaaje mtoto miaka minne baadaye? Na Ernestine ni nani? Mbona katika ukurasa ulioninakilia hayumo?

Jambo jingine. Ukurasa huo umeandikwa na nani? Ni mwandiko wa Rosina mwenyewe?

Nakungoja,
Hedwig

*

Friedensbach, 9 Aprili 1938

Hedi,

Andika anachotaka baba yako. Watu watakula keki, watapiga picha, watarudi nyumbani kukamua. Wafu wana raha yao, waache.

Matango ya siki nimekutumia kwa mkono wa dereva wa lori la maziwa. Usimpe mwenye nyumba wako mtungi mzima.

Ottilie

*

Adelaide, 21 Mei 1938

Shangazi,

Hukunijibu hata swali moja. Kwa hiyo nimejijibu mwenyewe, na sasa natamani ningekusikiliza.

Nimepata hati ya uraia ya mwaka 1848. Inasema: “August Uhlig, mzaliwa wa Silesia katika Prusia, aliyekuwa askari wa mfalme, sasa mkulima, Friedensbach, shamba namba 14. Mkewe Rosina.” Shamba namba kumi na nne ni letu. Ni pale alipozaliwa Babu Hermann, ni pale anapolima Baba leo.

Katika daftari la kanisa la Friedensbach hakuna ndoa ya August Uhlig na mtu yeyote. Nimemwandikia Mchungaji Bartsch, amelipitia lote. Basi nimeelewa. Christian alikufa kule. Rosina akaja huku, akaishi na askari bila ndoa, na askari mwenyewe ni wa mfalme yuleyule aliyewatesa. Mtoto akapewa jina la marehemu ili kuficha aibu. Ndiyo maana uliniambia niwaache wafu.

Baba anasema Uhlig alikuwa kibarua tu na karani wa Kiingereza alichanganya majina. Nadhani nitamkubalia. Nitaandika kurasa nne kama anavyotaka, na daftari langu la maelezo nitalitia motoni. Kuna wanawake katika ukoo ambao ni afadhali wasichunguzwe. Nasikitika kwamba Rosina ni mmojawapo.

Hedwig

*

Friedensbach, 29 Mei 1938

Hedwig,

Daftari lako usilichome. Na sentensi yako ya mwisho kuhusu Rosina ilinifanya niache chakula mezani, jambo ambalo tangu nizaliwe halijawahi kunitokea.

La kuvunda halina ubani. Nimelifukizia hili miaka kumi na mmoja, leo nimechoka. Kaa chini usome.

Mwaka 1917 nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nafundisha watoto thelathini na mmoja katika shule iliyo nyuma ya kanisa. Serikali ilitunga sheria shule zetu zote zifungwe, kwa kuwa tulifundisha kwa Kijerumani na vita vilikuwa vinaendelea. Siku ya mwisho alikuja konstebo na kufuli. Jina lake Tierney, Mwairishi, mrefu, masikio makubwa. Watoto walikuwa katikati ya wimbo, nami sikuwakatisha. Akavua kofia, akasimama mlangoni mpaka beti zote zikaisha. Kisha akasema, “Mwalimu, nisamehe, nina amri.” Nikamwambia, “Amri unayo. Na aibu je, unayo?” Akasema, “Zote mbili.”

Alisaidia kubeba mbao za kuandikia mpaka nyumbani kwetu. Baada ya hapo akawa anakuja kila wiki kuangalia kama kufuli halijaguswa. Katika nchi hii hakuna kufuli lililokaguliwa kama lile. Nilikuwa namkuta nje ya shule, tunazungumza yeye akiwa upande mmoja wa baiskeli yake na mimi upande mwingine. Ilikuwa hivyo mwaka mmoja na nusu. Usifikirie mabaya, hayakuwepo, na siku hizi nasikitika kidogo kwamba hayakuwepo.

Vita vilipokwisha alikuja kwa Baba, babu yako Hermann, amevaa suti ya kuazima, akaniposa. Baba hakumpa kiti. Alimwambia: “Bibi yangu Rosina alivuka bahari kumkimbia askari aliyesimama mlangoni. Leo wewe, askari uliyetufungia mlango, unataka nikuweke mezani pangu? Rosina angefufuka angekutemea mate.” Kisha akanigeukia mimi. “Nawe chagua. Yeye, au damu ya Rosina.”

Nikasema, “Ndiyo, Baba.” Tierney alihamishiwa kaskazini kwenye machimbo. Aliniandikia mara moja, sikujibu. Nasikia ameoa, ana watoto watano na goti bovu. Usinionee huruma kwa hilo. Nionee kwa hili linalofuata.

Baba alifariki Februari 1927. Nilimuuguza mimi. Baada ya mazishi nilifungua Biblia nimwandike, nikaona kona ya ukurasa wa mbele imeinuka. Wadudu walikuwa wamekula gundi. Ukurasa niliokunakilia ni karatasi iliyobandikwa, Hedi, na mwandiko wake ni wa babu yako Hermann. Chini yake kuna mwandiko wa Rosina. Huu hapa wote, kama nilivyounakili siku ile:

“Mimi Rosina, mjane wa Christian Kernich aliyekufa kwa homa gerezani kwa kuwa alikataa kitabu cha mfalme, naandika haya watoto wangu wasije wakadanganywa. August Uhlig alikuwa askari katika mlango wa gereza lile. Ndiye aliyeniletea koti la Christian na maneno yake ya mwisho, wala hakutumwa na mtu. Aliitupa bunduki, akanifuata kwa meli nyingine. Tumeoana Adelaide, mbele ya hakimu wa Kiingereza, mwaka 1841, kwa kuwa Mchungaji alikataa. Ernestine anamwita baba. Traugott ni mwana wa August. Mchungaji amekataa kumbatiza ila kwa jina la marehemu, nami nimekubali kwa ajili ya maji tu. Tumetengwa na Meza ya Bwana. Wameniambia nitubu. Nimewaambia nitatubu dhambi zangu zote, na hii si mojawapo.”

Sasa umeelewa. Baba alikuwa ameusoma ukurasa huu. Karatasi alibandika mwenyewe, kwa mkono wake, na sijui mwaka gani, lakini wino wake ni ule alioutumia kuandika kifo cha mama yetu, na mama alikufa mwaka 1912. Siku ile ya Tierney alijua. Alinifunga kwa jina la mwanamke aliyefanya jambo lilelile nililotaka kufanya mimi, na akalifanya mbele ya wote, bila kuomba ruhusa ya mtu.

Nilimwonyesha Alwin siku ileile ya mazishi. Ndiyo, baba yako. Alisoma, akasema, “Rudishia karatasi.” Nikarudishia. Nilikuwa mpiga kinanda wa kanisa, dada wa mzee wa kanisa, mwanamke asiye na mume. Niliogopa. Sina neno lingine zuri zaidi.

Lakini wewe usije ukamwita Rosina aibu ya ukoo. Aibu ya ukoo ni gundi.

Ottilie

*

Adelaide, 10 Juni 1938

Shangazi wangu,

Nimesoma barua yako mara nne. Naomba unisamehe kwa nililosema juu yake.

Jumamosi nilipanda treni kwenda kwa Baba. Nilimkuta ghalani, nikamsomea ukurasa wa Rosina. Hakukana. Alisema, “Jiwe halina nafasi ya maneno mengi.” Nikamwambia lina nafasi ya uongo lakini halina nafasi ya jina? Akaniambia watu wa Friedensbach walifungiwa shule, wakabadilishiwa jina la kijiji, wakaitwa wasaliti katika nchi waliyoilima kwa miaka themanini, na kitu pekee ambacho hakuna aliyewanyang'anya ni kwamba walikuja kwa ajili ya imani. “Na wewe unataka kuwapa adui kicheko. Sasa hivi, na magazeti yanavyosema vita vinarudi.” Nadhani anaamini anachosema. Hilo ndilo lililoniumiza.

Amenitoa kwenye kazi. Historia ataandika mwenyewe. Akaniambia kama siwezi kuuzuia ulimi wangu, Novemba nisikanyage Friedensbach. Mama alikuwa amesimama mlangoni na ndoo, analia bila sauti.

Nami nilisema, “Ndiyo, Baba.” Nakuambia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Hedwig

*

Friedensbach, 19 Juni 1938

Hedi mwanangu,

Mimi nililisema neno hilo nikalilalia miaka ishirini. Wewe umelisema, na wiki haijaisha umekaa ukaandika barua. Ukoo unaendelea vizuri.

Nitumie nakala ya orodha ya abiria na ya hati ya uraia, zipigwe mhuri wa hifadhi. Kisha rudi kwa wanafunzi wako. Usije Novemba, mama yako asiumie. Lililobaki ni la kwangu.

Ottilie

*

Shamba Na. 14, 12 Novemba 1938

Dada Ottilie,

Ratiba ya tarehe ishirini imepitishwa na wazee wa kanisa. Baada ya jiwe kufunuliwa wewe, kwa kuwa ndiwe mtunza Biblia, utaileta mbele na kusoma ukurasa wa kwanza kama ulivyoandikwa na Baba. Kutakuwa na wageni kutoka Adelaide. Nakuomba, kwa heshima ya marehemu, usome kilicho juu na si zaidi.

Sisi ni wawili tu tuliobaki. Usinilazimishe kuchagua kati yako na usharika.

Kaka yako,
Alwin

*

Friedensbach, 13 Novemba 1938

Kaka Alwin,

Nitakuja na Biblia. Nitavaa kofia nyeusi.

Ottilie

*

Friedensbach, 24 Novemba 1938

Hedi mwanangu,

Pengine umekwisha sikia, maana habari husafiri upesi kuliko lori la maziwa. Lakini usikie kwangu.

Jumapili joto lilikuwa la kuyeyusha nta. Watu zaidi ya mia tatu, wengine wamepanda juu ya ukuta. Mchungaji Bartsch alihubiri juu ya safari ya kutoka Misri, akatukawiza jangwani. Baba yako akasoma kurasa zake nne. Nitakuwa mkweli, alizisoma vizuri, na mahali pa gereza sauti yake ilikatika. Kisha shuka likavutwa. Jiwe ni zuri, Hedi. Jeusi, limesuguliwa, unajiona humo kama kwenye kioo.

Wakaniita. Nikaifungua Biblia juu ya meza. Karatasi ya Baba nilikuwa nimeibandua asubuhi ile pande tatu, nikaiacha inashika upande mmoja tu, kama mlango. Nikasoma kilicho juu, kama Alwin alivyoomba, neno kwa neno. Watu wakaitikia amina. Halafu nikasema, “Haya yameandikwa na baba yangu Hermann. Sasa nitasoma yaliyoandikwa na Rosina,” nikaigeuza ile karatasi.

Nilifika kwenye jina la August Uhlig nikasikia Alwin, yuko karibu nami kabisa, anasema taratibu, “Ottilie, inatosha.” Nikaendelea. Akaweka mkono juu ya ukurasa. Mbele ya watu wote, mkono wake mkubwa ule, umefunika mistari minne. Nikamwambia, “Kaka, nimeusoma miaka kumi na mmoja. Naujua kwa moyo.” Nikainua kichwa, nikamalizia nikiwatazama watu machoni. Mpaka neno la mwisho alilowaambia wazee wa siku zile. Kisha nikasoma nakala zako mbili, na mihuri yake nikaitaja.

 Wageni wa Adelaide hawakuelewa, maana nilisoma Kijerumani, wakapiga makofi. Makofi hayo ndiyo yaliyovunja ukimya. Alma Schirmer, unamjua mdomo wake, akasema kwa sauti, “Kumbe akina Kernich ni watoto wa askari wa mfalme. Na miaka yote hii mmekalia benchi la mbele.” Nikamwambia, “Tutasogea, Alma. Njoo ukae wewe, tuone kama linakufanya mtakatifu.” Mzee mmoja alicheka, akapigwa kiwiko na mkewe.

Baba yako aliondoka peke yake, kwa miguu, akaliacha gari.

Jumatano wazee wa kanisa walikuja watatu, Alwin hakuwemo. Walisema nimevuruga ibada, nitubu mbele ya usharika, na mpaka hapo nimetengwa na Meza ya Bwana. Niliwauliza ni sentensi ipi niliyosoma iliyokuwa ya uongo. Mchungaji Bartsch akaitazama kofia yake. Nikawauliza tena, maana nilidhani labda hawakusikia. Wakasema si suala la uongo, ni suala la mahali na wakati. Nikasema Rosina alingoja mahali na wakati tangu mwaka 1842, mimi nikaona amengoja vya kutosha. Wakachukua ufunguo wa kinanda.

Situbu. Nitakwenda kila Jumapili, nitakaa, na wenzangu wakisimama kwenda mezani mimi nitabaki kwenye benchi nikiwa nimenyoosha mgongo. Rosina alikaa hivyo na mtoto mapajani. Mimi sina hata mtoto wa kunichosha.

Nililala vizuri. 

Ottilie

*

Adelaide, 1 Desemba 1938

Shangazi wangu,

Siku ile nilikuwa chumbani kwangu nimekaa kitandani na kofia kichwani tangu asubuhi, kama mtu anayengoja treni. Nilijiambia natii kwa ajili ya Mama. Ukweli ni kwamba niliogopa uso wa Baba. Umesimama peke yako na karatasi nilizotafuta mimi, na mimi nilikuwa nimevaa kofia.

Nimeandika kurasa nne zangu. Ndani yake yumo Christian, jinsi alivyokufa, kwa heshima yote, na yumo August. Baada ya masomo napiga chapa shuleni, mwalimu mkuu ameniruhusu mashine. Mpaka sasa nimemaliza nakala arobaini. Nitazituma kwa posta kwa kila nyumba ya Kernich kutoka bondeni mpaka mtoni, na ya kwanza nimemtumia Baba, jina langu limewekwa chini.

Krismasi nakuja Friedensbach. Nitashukia kwako. Jumapili nitakaa benchi lako, na wakisimama, nami sitasimama. Watakaotaka kututenga watutenge wawili.

Hedwig

*

Friedensbach, 11 Desemba 1938

Hedi mwanangu,

Chumba kiko tayari. Lete viatu vya shamba, sina mpango wa kukupikia mtu aliyekaa.

Sasa nisikilize. Alhamisi mchana nilikuwa nachemsha matunda ya jamu, nikasikia mlango wa mbele unagongwa. Mlango ule hupita wachungaji na majeneza tu. Nilifungua nikijiandaa kugombana, nikamkuta baba yako, amevaa koti la Jumapili juu ya suruali ya kazini. Mkononi kurasa zako, zimekunjwa mara nyingi mpaka zimeanza kukatika kwenye mikunjo.

Nilimpa kahawa. Hakuomba radhi, nami sikumwomba. Tulikaa pale kama mafahali wawili kwenye zizi moja, kila mmoja anatazama ukuta wake. Mwishowe akasema anataka kuuona ukurasa. Nikamletea. Tangu siku ya mazishi ya Baba hakuwa ameuona, na siku ile aliupitia haraka kama mtu anayeshika chuma cha moto. Safari hii alisoma akifuata mistari kwa kidole, midomo inacheza. Alipofika mwisho akarudi juu, akaanza tena.

Kisha akaniuliza, “Alikuwa mtu wa namna gani?”

Nikadhani anamuulizia Rosina. Akatikisa kichwa. “Huyu. August. Alikuwa mrefu? Alikuwa mkali?”

Nikamwambia sijui.

“Babu Traugott hakukusimulia hata kidogo?”

“Babu Traugott alikuwa ameapishwa asiseme. Sijui urefu wake, Alwin. Sijui sauti yake, wala alikufa kwa nini. Aliishi shamba lile miaka mingi, ile mizabibu ya zamani kando ya kijito unayoivuna kila Machi lazima ni yeye aliyeipanda, na zaidi ya Rosina hakuna mtu wa ukoo aliyeandika neno moja juu yake. Kaburi lake hatulijui. Christian, ambaye hakuwahi kuiona nchi hii, tunajua mpaka wimbo alioupenda. Ndiyo kazi mliyoifanya hiyo.”

 Nami nilisikia nilivyosema, mliyoifanya, hali mimi nami nilirudishia ile karatasi nikaipiga pasi kwa kiganja. Nikasema, “Tuliyoifanya.”

Hakulia. Unamjua. Lakini alikaa mpaka saa ya kukamua ikapita, na sijawahi kumwona baba yako akichelewesha ng'ombe kwa sababu yoyote, hata ubatizo wako. Jua lilipoingia jikoni kwa dirisha la magharibi alisimama, akavaa kofia, akauliza kama anaweza kurudi kesho kuusoma tena.

Nikamwambia aje. Lakini asije peke yake. Amlete mama yako, awalete kaka zako na watoto wao, hata wale wadogo wasiojua kusoma, na asimame yeye mwenyewe hapo jikoni awasomee kwa sauti.

Akiwa mlangoni akaanza kuwahesabu kwa vidole.

Wanakuja Jumapili ya Krismasi, Hedi, baada ya ibada. Watu kumi na wanne. Leta vikombe.

Ottilie